Kifungo kimezidi? Namna ya kukata rufaa dhidi ya adhabu kubwa katika kosa la jinai

Swali hili hutufikia mara kwa mara kutoka kwa wasikilizaji wetu wa vijijini: "Ndugu yetu amefungwa. Tunaona adhabu imezidi kosa. Tunaweza kukata rufaa?" Wapo wanaouliza siku ya tatu baada ya hukumu, na hao wana nafasi nzuri. Wengine huuliza baada ya mwaka, siku za kisheria zikiwa zimepita. Na wengine huuliza wakiwa tayari wameuza ng'ombe ili kumlipa mtu aliyejiita wakili, kumbe si wakili.

Katika makala haya tunaeleza utaratibu wa Tanzania Bara kwa lugha ya kawaida. Zanzibar ina mahakama zake na sheria zake za jinai, hivyo msikilizaji wa Unguja au Pemba aulize kwa wanasheria wa huko.

Tuanze na jambo moja ambalo likieleweka mapema huokoa muda na fedha. Kifungo kuwa kirefu si sababu ya rufaa peke yake. Lazima kwanza mjue kama sheria ilimwachia hakimu nafasi ya kuchagua adhabu, au ilimfunga mikono. Majibu ya maswali hayo mawili hupeleka familia kwenye njia mbili tofauti.

Rufaa ni haki, si fadhila

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 13(6), inampa mtu aliyehukumiwa na mahakama haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Hakimu anaposoma hukumu, humweleza mshtakiwa kwamba haki ya rufaa iko wazi. Kukata rufaa si kumdharau hakimu wala kumtukana aliyetendewa kosa. Ni kuomba mahakama ya juu ikague kazi ya mahakama ya chini.

Haki hiyo iko pande zote mbili. Mkurugenzi wa Mashtaka naye anaweza kukata rufaa akiona adhabu ni ndogo mno.

Swali la kwanza: hakimu alikuwa na nafasi ya kuchagua?

Adhabu za makosa ya jinai ziko za aina tatu.

Aina ya kwanza ni adhabu moja tu isiyo na mbadala. Mfano ni kuua kwa kukusudia, ambako Kanuni ya Adhabu inaelekeza kunyongwa hadi kufa. Jaji akishamtia mtu hatiani kwa kosa hilo, hana adhabu nyingine ya kuchagua kwa mtu mzima, isipokuwa mwanamke mjamzito, ambaye hupewa kifungo cha maisha. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba kumnyima jaji nafasi ya kuchagua adhabu katika kosa hili ni kuvunja haki ya kuishi.

Aina ya pili ni makosa yenye adhabu ya chini iliyowekwa na sheria. Unyang'anyi wa kutumia silaha una kifungo kisichopungua miaka 30. Kubaka nako, kwa mtu mzima, kwa kawaida ni kifungo cha maisha au kisichopungua miaka 30, na aliyembaka mtoto wa chini ya miaka 10 hufungwa maisha. Hapa hakimu anaweza kupanda juu lakini hawezi kushuka chini ya kiwango. Hata kama mshtakiwa ana watoto sita, mama mgonjwa na hajawahi kushtakiwa maishani, miaka 30 haiwezi kuwa 10.

Aina ya tatu ni makosa ambayo sheria imeweka kiwango cha juu tu. Kuua bila kukusudia kunaweza kufika kifungo cha maisha, lakini hakuna kiwango cha chini. Kumdhuru mtu vibaya mwilini ukomo wake ni miaka 7. Hapa ndipo hakimu au jaji ana nafasi pana ya kupima, na hapa ndipo rufaa ya "adhabu imezidi" ina nguvu.

Kwa hiyo, kama ndugu yenu amepewa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kuandika "naomba nipunguziwe" hakutasaidia. Njia iliyobaki ni kupinga kutiwa hatiani kwenyewe. Je, utambuzi wa usiku ulikuwa wa uhakika? Je, silaha ilithibitishwa? Je, shahidi muhimu aliachwa bila sababu? Kama ushahidi hautoshi, au kosa lililothibitishwa ni dogo kuliko lililoshtakiwa, adhabu nayo itabadilika. Lakini kama amepewa miaka 7 kwa kumjeruhi jirani katika ugomvi wa mpaka wa shamba, adhabu yenyewe inaweza kupingwa.

Mahakama ya juu huingilia adhabu wakati gani

Kutoa adhabu ni kazi ya mahakama iliyosikiliza kesi. Mahakama ya rufaa haipunguzi kifungo kwa sababu tu yenyewe ingetoa kidogo zaidi. Msimamo huo ulikuwepo tangu enzi za Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, na Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeurudia katika hukumu nyingi. Lakini itaingilia ikionekana moja ya mambo haya:

- Adhabu ni kubwa kupita kiasi kwa namna inayoonekana wazi, ukilinganisha na kosa lilivyotendeka.
- Hakimu alifuata kanuni isiyo sahihi katika kutoa adhabu.
- Hakimu aliacha jambo muhimu, kwa mfano kwamba mshtakiwa ni mkosaji wa mara ya kwanza, alikiri kosa mapema, ni mzee au mgonjwa, au alichokozwa.
- Hakimu alizingatia jambo lisilohusika, kama vile makosa ya nyuma ambayo mshtakiwa aliyakana na upande wa mashtaka haukuyathibitisha.
- Muda aliokaa mahabusu haukuzingatiwa.
- Adhabu ni kinyume cha sheria.

Hilo la mwisho linahitaji maelezo, kwa sababu familia nyingi hulipita bila kuliona. Adhabu huwa kinyume cha sheria ikivuka ukomo wa kosa husika, au ukomo wa mamlaka ya hakimu aliyeitoa, maana si kila hakimu ana uwezo wa kutoa kila adhabu. Ni kinyume cha sheria pia kumpa mtu adhabu nzito zaidi ya ile iliyokuwepo siku kosa lilipotendeka. Katiba inakataza. Kama sheria ilibadilishwa mwezi Juni na tukio lilikuwa mwezi Machi, adhabu ni ile ya Machi.

Na mtoto aliye chini ya miaka 18 hafungwi jela. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekataza hivyo na kuweka hatua nyingine za kumrekebisha. Kama kijana wenu aliandikwa polisi kuwa na miaka 19 naye alikuwa na 16, tafuteni cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki au kumbukumbu za shule haraka.

Angalieni pia makosa zaidi ya moja. Mtu anaweza kufungwa miaka 5 kwa kosa la kwanza na 5 kwa la pili. Vikienda pamoja, ni miaka 5. Vikifuatana, ni 10. Makosa yaliyotokana na tukio moja, kwa kawaida vifungo vyake huenda pamoja. Kama hakimu ameamuru vifuatane bila kutoa sababu, hiyo ni hoja ya rufaa.

Siku zinahesabika

Rufaa nyingi hukwama kwa sababu ya muda, hata zile zenye hoja nzuri. Njia inategemea mahakama iliyotoa hukumu.

Kama kesi iliamuliwa na Mahakama ya Mwanzo, rufaa huenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30.

Kama iliamuliwa na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, rufaa huenda Mahakama Kuu, kwa hatua mbili. Kwanza, mfungwa atoe taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10 tangu hukumu. Hiyo ni karatasi fupi inayosema tu kwamba hakuridhika na anakusudia kukata rufaa. Pili, awasilishe rufaa yenyewe, yenye sababu, ndani ya siku 45.

Siku za kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi hazihesabiwi katika zile 45. Tuchukue mfano: hukumu imetolewa tarehe 3 Machi. Kusudio liwe limeingia kufikia tarehe 13 Machi. Siku 45 zingeisha tarehe 17 Aprili. Lakini kama mliomba nakala na ilichukua siku 20 kuzipata, siku hizo 20 zinaongezwa, na mwisho unakuwa tarehe 7 Mei. Ndiyo maana tunasisitiza: ombi la nakala liandikwe, ligongwe muhuri wa mahakama, na mbaki na nakala yenu. Bila karatasi hiyo hamtaweza kuonyesha mlisubiri siku ngapi.

Kama kesi ilisikilizwa na Mahakama Kuu tangu mwanzo, kama ilivyo kwa kesi za mauaji, rufaa huenda Mahakama ya Rufani, na taarifa ya rufaa hutolewa ndani ya siku 30.

Aliyeko gerezani hahitaji kutoka ili akate rufaa. Anaweza kuwasilisha karatasi zake kupitia kwa Mkuu wa Gereza, ambaye huzipeleka mahakamani. Mfungwa aombe ofisa wa gereza aandike tarehe ya kuzipokea.

Na kama siku zimepita? Bado ipo njia. Mahakama inaweza kuruhusu rufaa nje ya muda kukiwa na sababu ya msingi. Kuchelewa kupewa nakala, kuugua, kuhamishwa gereza, au karatasi kukaa ofisini gerezani ni sababu ambazo mahakama husikiliza, zikiwa na uthibitisho. "Hatukujua sheria" peke yake, kwa kawaida, haitoshi.

Kuandika sababu za rufaa

Sababu za rufaa haziandikwi kama barua ya kuomba huruma. Kila sababu iseme hakimu alikosea wapi. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ni lugha ya mahakama, kwa hiyo msikubali kuambiwa kwamba lazima mlipie tafsiri ya Kiingereza ndipo rufaa ipokelewe.

Kwa yule aliyepewa miaka 7 kwa kumjeruhi jirani, sababu zinaweza kuandikwa hivi:

1. Kwamba, hakimu alikosea kisheria kwa kutoa adhabu ya juu kabisa kwa mkosaji wa mara ya kwanza bila kueleza sababu.
2. Kwamba, hakimu alikosea kwa kutozingatia kwamba mrufani alikiri kosa siku ya kwanza na hakuisumbua mahakama.
3. Kwamba, hakimu hakuzingatia miezi 14 ambayo mrufani alikaa mahabusu.
4. Kwamba, kwa mazingira ya tukio, adhabu ya miaka 7 ni kubwa kupita kiasi.

Someni mwenendo wa kesi kabla ya kuandika. Humo mtaona mshtakiwa alisema nini alipoombwa kujitetea kabla ya adhabu, utetezi ambao mahakamani huitwa shufaa, na hakimu alijibu nini. Kama hakimu aliandika mstari mmoja tu na kutaja miaka, hoja yenu ina pa kushika. Kama alipima kila jambo na kueleza kwa nini kosa hili lilikuwa baya kuliko mengine, kazi itakuwa ngumu.

Aliyekiri kosa

Wapo wanaodhani aliyekiri kosa hana rufaa. Anayo, lakini ni nyembamba: hukatia rufaa ukubwa wa adhabu au uhalali wake, si kutiwa hatiani. Isipokuwa kama kukiri kwenyewe kulikuwa na kasoro: hakuelewa shtaka, maelezo aliyoyakubali hayakuonyesha kosa lolote, au maneno yake yalikuwa na utata, kama vile "ni kweli nilimpiga, lakini alinivamia kwa panga." Huko si kukiri kosa. Ni kujitetea.

Rufaa inaweza kuongeza kifungo

Hili halisemwi na wale wanaotafuta fedha za familia. Mahakama Kuu ina mamlaka ya kupunguza adhabu, kuibadilisha, na pia kuiongeza. Tuseme mtu mzima ametiwa hatiani kwa kubaka na hakimu kampa miaka 15. Familia inakata rufaa kwamba miaka 15 ni mingi. Mahakama Kuu ikiona ushahidi unatosha, itagundua kwamba adhabu iko chini ya kiwango cha sheria, na baada ya kumsikiliza mrufani inaweza kuipandisha hadi miaka 30.

Hatusemi watu waogope. Mwenye hoja dhidi ya ushahidi ana haki ya kuisimamia. Tunasema mjue kiwango cha chini cha kosa kabla hamjasaini. Mtu asiingie kwenye rufaa akidhani jambo baya zaidi linaloweza kutokea ni kubaki palepale.

Kwa ukubwa wa adhabu, Mahakama Kuu ni kituo cha mwisho

Kesi ikitoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, na Mahakama Kuu ikakataa kupunguza adhabu, mrufani anaweza kwenda Mahakama ya Rufani kwa hoja za kisheria tu. Sheria imesema wazi kwamba ukali wa adhabu haumo katika hoja hizo. Uhalali wa adhabu, yaani kama ilitolewa kinyume cha sheria, bado unaweza kufika huko. Lakini "ni mingi mno" huishia Mahakama Kuu. Kwa hiyo msiweke hoja zenu za adhabu akiba ya baadaye. Ziandikwe zote kwenye rufaa ya kwanza.

Kwa kesi iliyoanzia Mahakama Kuu ni tofauti, kwa sababu Mahakama ya Rufani ndiyo rufaa yake ya kwanza. Hapo ukubwa wa adhabu unaweza kujadiliwa, isipokuwa adhabu iwe ile moja iliyopangwa na sheria.

Baada ya mahakama zote kumaliza, unabaki msamaha wa Rais kwa mujibu wa ibara ya 45 ya Katiba. Huo si rufaa.

Gharama na msaada

Mashauri ya jinai hayatozwi ada ya kufungua mahakamani. Mnaweza kugharamia wakili, nauli na karatasi, lakini hakuna "ada ya kumwona jaji" wala "ada ya kuharakisha faili." Anayewadai hiyo anaomba rushwa. Taarifa hupokelewa na TAKUKURU kwa simu ya bure namba 113.

Kama hamna uwezo wa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria na taasisi zinazotoa huduma hiyo bila malipo. Ulizeni ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yenu, ambayo hufahamu wasaidizi waliosajiliwa katika eneo lenu. Msaidizi wa kisheria si wakili na hawezi kusimama mbele ya jaji kuwatetea, lakini anaweza kuwaelekeza siku, kuwasaidia kupanga karatasi na kuwaunganisha na wakili wa kujitolea. Anayejiita wakili mwombeni jina kamili na mlihakiki kwenye orodha ya mawakili ya Mahakama kabla ya kumpa shilingi.

Mwenye simu yenye intaneti anaweza pia kusoma bure hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani kwenye tovuti ya TanzLII. Tafuteni kosa linalofanana na la ndugu yenu muone wengine walipewa adhabu gani.

Wiki ya kwanza baada ya hukumu

- Andikeni namba ya kesi, jina la mahakama, jina la hakimu, kosa, adhabu na tarehe ya hukumu.
- Hakikisheni kusudio la kukata rufaa limewasilishwa ndani ya siku 10, na mna nakala yenye muhuri.
- Ombeni kwa maandishi nakala ya hukumu na ya mwenendo wa kesi.
- Ulizeni kosa hilo lina adhabu ya chini au la, na kiasi gani.
- Kusanyeni uthibitisho wa umri, ugonjwa na muda wa mahabusu.
- Mtembeleeni gerezani. Rufaa ni yake, na yeye ndiye anayeweka saini au dole gumba.

Kifungo huendelea kutumikiwa wakati rufaa inasubiriwa. Dhamana wakati huo inaweza kuombwa, lakini kwa makosa mazito hutolewa kwa nadra na kwa sababu za pekee.

Makala haya ni maelezo ya jumla, na kila kesi ina mambo yake. Lakini kama hukumu imesomwa wiki hii, jambo moja halisubiri ushauri wa mtu: karatasi ya kusudio. Iingie kwanza, mengine mtayapanga baadaye.